Kiti cha Kumi na Moja

Sauti ninayoikosa kuliko zote ni ya maji yakimiminika kutoka kwenye birika la plastiki na kuangukia beseni la bati. Si sauti kubwa. Soko ndilo lenye sauti kubwa, na hiyo sijawahi kuikosa, maana huwa naibeba kichwani mpaka nyumbani. Ile ya birika ilianza alfajiri kabla sijafumbua macho, uani kwetu Ruhuwiko, Songea, mbele ya chumba cha mpangaji, na haikupita muda ungemsikia mzee akisema, "Umeruka sikio, Padri."

Padri mwenyewe alikuwa mume wangu. Hakuwa padri, hilo lilikuwa jina la utani la mzee; tulikuwa na watoto wanne, nimewahesabu mara mbili. Alikuwa mtunza ghala wa shirika fulani, akashika funguo za ghala lile miaka mingi, mpaka ilipofika ile miaka ya ruksa, biashara ilipoachiwa huru, mashirika yakaanza kuhema, ghala likafungwa na yeye akapunguzwa. Neno lenyewe lilinikera. Mtu anapunguzwa kama mchele uliozidi kwenye kopo. Alirudi nyumbani na taulo lake la kazini, kikombe chake cha chai, na kufuli moja kubwa ambalo halikuwa tena na mlango.

Mimi wakati huo nilikuwa nimeshazama kwenye mitumba. Ruksa iliyomfungia yeye ghala ilinifungulia mimi belo la nguo. Nilikuwa na meza sokoni, nilijua kunusa belo kabla halijafunguliwa, na nilijua mteja anayesema "naangalia tu" anataka nini na anakitaka kwa kiasi gani. Asubuhi nikitoka nilimwacha mume wangu amekaa kizingitini na kikombe chake. Jioni nikirudi nilikuta pipa letu la maji tupu na mapipa ya majirani yamejaa. Hapo nikajua ameshapata kazi.

"Leo umewachotea kina nani?" nilimuuliza.

"Yule mama aliyejifungua. Na mjane wa kule juu, mguu umemvimba."

"Na sisi?"

"Sisi si tuna mimi?"

"Wewe unanyweka?"

Alicheka, akachukua ndoo, akarudi kisimani. Huyo ndiye niliyeolewa naye. Ukimgombeza, anacheka na kubeba ndoo. Sasa utagombana na nini?

Sokoni walinitania. Mwenzangu wa meza ya pili, aliyeuza magauni, alisema, "Shoga, nasikia mumeo ameajiriwa na mtaa mzima." Nikamjibu kwamba ndiyo, na mshahara unalipwa mbinguni, ukitoka nitamwonyesha. Nilijibu hivyo kwa sababu mfanyabiashara hakubali kukaa kimya mbele ya mwenzake. Lakini nikifika nyumbani nilimtazama mume wangu akipasua kuni za mtu mwingine, shati limeloa mgongoni, nikatamani jambo moja: siku moja, mbele ya watu wote hawa wanaocheka, mtu amwinamie yeye.

Mpangaji wetu alikuwa mzee wa Kiyao kutoka Tunduru. Kila mwaka korosho zikishavunwa alikuja nazo Songea, akapanga chumba chetu cha uani, akaziuza taratibu, kisha akarudi kwao. Mwislamu safi, mcheshi, na mbishi wa bei kiasi kwamba mimi na yeye tuliheshimiana kama mabondia. Mwaka ninaousema, alipokaribia kumaliza mzigo wake, alianguka uani akiwa anaanua kanzu. Alipozinduka, upande wa kulia ulikuwa umelala. Mkono, mguu, na pembe ya mdomo. Hospitali walikaa naye kwa muda, wakasema kilichobaki ni kutunzwa na kunyooshwa viungo, wakamrudisha kwetu.

Tulituma ujumbe kwa wanawe Tunduru kupitia madereva wa malori. Lakini mvua zilikuwa zimeanza, na barabara ile enzi hizo, mvua ikishika, ujumbe wenyewe ulikwama njiani pamoja na lori. Watu wa msikitini walikuja kumwona, wakaleta uji, wakaleta dua. Ila wengi ni watu wa kazi, na mgonjwa wa namna ile anahitaji mtu aliyepo. Na aliyepo mchana kutwa, kwa hisani ya shirika lililompunguza, alikuwa mume wangu.

Jambo hilo lilifika kwenye jumuiya ya kanisa letu. Jumuiya yetu ilikutana Jumamosi, nyumba hadi nyumba, tukasoma neno, kisha tukapanga nani anahitaji kusaidiwa wiki ile. Mwenyekiti wetu, mama mmoja mnene wa moyo na wa sauti, akauliza kama kuna mgonjwa. Mume wangu akamtaja mzee.

"Huyo si wa jumuiya yetu," alisema mtu mmoja kutoka kona. "Wana utaratibu wao."

"Anakaa uani kwangu," mume wangu akasema. "Jumuiya inaishia wapi, mlangoni?"

"Sasa tukimwendea, tutasali naye nini?"

"Msisali naye. Mnyoosheni mguu."

Mwenyekiti akaangua kicheko, akasema basi, anayejua kunyoosha mguu aende. Walikwenda kina mama wawili watatu, kwa zamu, wakampikia na kumfulia. Lakini ile kazi ya maji hakumwachia mtu.

Mzee alitaka kuswali swala zake zote, na kila swala lazima atawadhe. Mkono wake mmoja haukutosha. Mume wangu alijifunza utaratibu wote kama mtu anayejifunza gari: viganja, mdomo, pua, uso, mkono wa kulia mpaka kwenye kiwiko, wa kushoto, kichwa, masikio, kisha miguu, katikati ya vidole. Alichuchumaa mbele ya kigoda cha mzee, birika mkono huu, mguu wa mzee mkono ule. Ule mguu uliolala aliushika kama mtu anavyoshika mayai.

"Umeruka sikio, Padri."

"Sikuruka."

"Umeruka la kushoto. Hili lililo zima ndilo linalosikia, usilidharau."

Mume wangu akarudia. Siku nyingine nilikuwa nimesimama mlangoni na chai yangu, nikamsikia mzee akisema, "Mababu zenu Wangoni waliwakimbiza mababu zetu na mikuki mpaka wakavuka mito. Leo Mngoni ananiosha miguu. Wangefufuka wangezimia."

"Nakunenepesha tu," mume wangu akasema. "Ukishapona ndipo nikukimbize."

Nilimuuliza siku moja kwa nini asimwombe shemasi wa msikiti, sijui wanaitaje wenzetu, ampe ruhusa mzee atumie udongo, nimesikia dini yao inaruhusu kwa mgonjwa. Alinijibu kuwa walishamwambia, lakini mzee alisema maji yapo, na mtu wa kuyamimina yupo, udongo wa nini. Kisha akaongeza, akiwa anafunga kamba za viatu vyake vya zamani vya ghalani, "Mimi kazi yangu ni kutunza. Zamani nilitunza magunia. Magunia hayakuwahi kuniambia nimeruka sikio."

Mwaka ule Kwaresima na Ramadhani zilipandana. Nyumba moja ikawa na watu wanaofunga kwa dini mbili, na katikati yao mgonjwa mmoja aliyezuiwa kufunga na aliyeona aibu kunywa uji wake mchana. Alikuwa anaunywa akiwa ameugeukia ukuta. Ukuta ule ulikuwa wa mashariki, upande wa Tunduru, na ndipo alipoanza kusema.

"Nataka Idi inikute kwangu."

Alilisema kwanza kwa mume wangu, kisha kwangu, kisha kwa kila aliyeingia. Hakuogopa kufa, alisema ameshafunga hesabu zake. Lakini Idi ile alitaka kuiswalia kwenye mlango wake, na wanawe wakiwa mbele yake, na mkewe akipika. Alikuwa amekosa mambo mengi maishani kwa kuuza korosho mbali na nyumbani. Hili hakutaka kulikosa.

"Mwanangu," aliniambia, na hakuwa na kawaida ya kuniita mwanangu, aliniita Mngoni, "wewe una mdomo. Nitafutie gari."

Nikaanza kutafuta. Mabasi hayakuthubutu kupita njia ile. Malori yalikwenda pale tu mvua ilipovuta pumzi, na dereva aliyetoka leo hakujua kama atafika kesho au mwezi ujao. Kila asubuhi, kabla sijapanga meza, nilipita kwenye maegesho ya malori nikauliza. Nilijua madereva wote kwa sura na kwa madeni yao ya maneno: "kesho mama," "keshokutwa mama," "tukiona jua mama." Nilirudi nyumbani kila jioni nikamkuta mzee ameelekeza uso mlangoni. Alinitazama mikono tu, kama vile gari lingekuwa kwenye kapu.

Katikati ya mahangaiko hayo likaja jingine. Kila mwaka Alhamisi Kuu, kwenye Misa ya jioni, baba paroko aliwaosha miguu wanaume kumi na wawili mbele ya waumini wote, kukumbuka jinsi Bwana alivyowaosha wanafunzi wake. Jumuiya zilichagua watu wao. Na jumuiya yetu mwaka ule ikamchagua mume wangu.

Mwenyekiti alipotaja, hakuna aliyecheka. Mume wangu aliinamisha kichwa, akaanza kuchokonoa mkeka. Mimi nilitazama upande mwingine ili watu wasione uso wangu, maana sura yangu kwa kawaida ni ya mtu anayekataa bei, na siku ile iliniasi.

Sasa nieleze desturi yetu, kwa asiyeijua. Mtu akichaguliwa kuoshwa miguu na padri, mkewe humwosha kwanza. Hakuna aliyetangaza sheria hiyo, lakini kila nyumba iliifuata. Nani atakubali mumewe akafunue magaga mbele ya parokia nzima? Kwa hiyo wanawake kumi na wawili wa Songea, wiki ile, walikuwa wanasugua. Wengine kwa jiwe, wengine kwa gunzi, kisha mafuta ya nazi, kisha soksi mpya. Padri aliletewa miguu ambayo haikuwa na haja naye kabisa. Ilikuwa kama kupeleka nguo iliyopigwa pasi kwa dobi.

Nami nilisugua. Nilianza Jumatano. Miguu ya mume wangu ilikuwa na mipasuko ambamo ungeweza kupanda mahindi. Alikaa kitandani akilalamika, mzee kule uani akimzomea kupitia dirishani: "Vumilia, Padri! Leo na wewe umepata wako!" Kwenye belo nilikuwa nimemchagulia soksi za kijivu, pea safi ambayo hata mguu wa mzungu haukuwa umeichosha. Alhamisi asubuhi nilimvika, nikamkataza kukanyaga chini. Nikamwacha kitandani kama mwali, nikaenda sokoni kwa nusu siku.

Mchana jua lilikuwa kali. Nilikuwa naanza kufunga meza pale dereva mmoja aliponijia, yule niliyemsumbua zaidi kuliko wenzake.

"Mama, mzee wako bado anasafiri?"

"Bado anapumua, bado anasafiri."

"Natoka saa tisa. Jua la siku mbili hizi limekausha kidogo. Lakini angalia Matogoro."

Nikaangalia. Milima ya Matogoro ilikuwa imejifunika kichwa kwa wingu, kama mtu anayejiandaa kulia.

"Nikikosa leo," alisema, "sikuahidi tena mpaka baada ya Idi."

"Atakaa kabini."

"Kabini nina abiria. Yeye nitamtandikia vizuri juu ya mzigo."

"Mzigo gani?"

"Saruji."

"Mtu aliyelala upande mmoja umlaze juu ya saruji, mvua ikinyesha igande naye?" Nikachomoa koti la ngozi nililokuwa nimelificha chini ya meza nikingoja mteja anayestahili. "Vaa."

Akalivaa. Akajitazama kwenye kioo cha jirani. "Limechanika kwapani."

"Kwapa litaonwa na nani? Unaendesha lori umenyoosha mikono juu?"

Alicheka, na nikajua kabini imepatikana. Lakini alipokuwa anaondoka na koti lake mgongoni, akageuka. "Ila nataka mtu wake. Sibebi mgonjwa asiye na mtu wa kumshika. Akizidiwa njiani nitamkabidhi nani?"

Hapo nilitaka kumnyang'anya koti.

Nilipofika nyumbani, mume wangu alikuwa bado kitandani, miguu imenyooka mbele yake ndani ya soksi za kijivu, kama mali ya mtu mwingine aliyowekeshwa. Mlango wa uani ulikuwa wazi, na mzee alikuwa kwenye kigoda chake, anatusikia. Nikasema yote kwa pumzi moja: gari lipo, kabini ipo, saa tisa, mawingu yapo.

"Misa saa ngapi?" mume wangu akauliza, kama vile hajui.

"Saa kumi na moja."

"Na dereva anataka mtu."

"Anataka mtu wake," nikasema.

Tukatazama soksi, wote wawili.

Mzee akapaza sauti. "Nisikilizeni. Nitakwenda peke yangu. Nimepanda malori kabla ninyi hamjazaliwa."

"Ulipanda ukiwa na pande mbili, babu," mume wangu akasema.

"Leo siku yako, Padri. Mkeo amekusugua kama sufuria ya harusi. Idi itakuja nyingine."

Hapakuwa na aliyeamini neno hilo, hata yeye. Nikajaribu bei yangu ya mwisho. Nikamwambia mume wangu, je, hatuwezi kumpata mtu mwingine? Akanijibu polepole, bila ubishi, "Mwingine yupi anajua asubuhi aanzie mguu gani?"

Mimi, ambaye sijawahi kununua kikapu cha nyanya bila neno la mwisho, nikainuka kutafuta mkeka wa mzee. Akavua soksi, akazikunja vizuri, akaniwekea mkononi.

Lori halikuweza kuingia kwenye kichochoro chetu, lilisubiri barabarani. Akakunja suruali mpaka magotini, akachuchumaa, na mimi nikamsaidia mzee kumpanda mgongoni. Nikafuata nyuma na birika, mkeka na kifurushi cha unga wa uji. Kichochoro kilikuwa bado na tope lile letu jekundu linalonata kama gundi. Niliitazama miguu ile, siku mbili za kazi yangu, ikizama moja baada ya nyingine, ikitoka imevaa viatu vya udongo. Mzee akaangalia chini kutoka mgongoni, akasema, "Pole, Mngoni. Nitamwambia aiogeshe mwenyewe." Sikuweza kucheka wala kulia, nikarekebisha kanzu yake iliyokuwa inaburuta.

Kabini, mume wangu alikaa katikati, akamwegemeza mzee kifuani. Birika akaliweka mapajani. Lori likaondoka, limechelewa zaidi ya saa moja. Sikusubiri lipotee machoni, maana kengele ya kwanza ilikuwa imeshalia.

Kanisa lilikuwa limejaa mpaka milangoni. Nilisimama nyuma, nikashindwa kabisa kupenya nikamwambie katekista. Aliniona kutoka mbele, akanyoosha shingo na kupindua kiganja: yuko wapi? Nikamwonyesha kwa mkono upande wa mashariki. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nadhani alielewa kwamba mtu wangu anakuja kutokea upande huo.

Baada ya mahubiri viti vilipangwa mbele, na wanaume wakatoka. Nikahesabu. Kumi na mmoja. Nikahesabu tena, maana ndivyo nilivyo, na nilitumaini kwamba safari hii hesabu itanidanganya. Kumi na mmoja, na kiti kimoja cha pili kutoka mwisho hakina mtu.

Baba paroko akavua joho, akajifunga taulo kiunoni, akaanza kuosha. Miguu ilikuwa inang'aa. Harufu ya mafuta ya nazi ilitufikia hata sisi wa mlangoni. Alimimina kidogo, akafuta, akabusu, akasogea. Maji kwenye beseni yalibaki meupe kama ya kunywa. Kisha akafika kwenye kiti cha kumi na moja, akapiga goti mbele ya kiti kitupu, akabaki hapo.

Kwaya ilimaliza beti, ikarudia. Watu wakaanza kugeuza vichwa. Nilizibana soksi mkononi mpaka zikaloa jasho.

Katekista akatoka kwa mlango wa pembeni, akarudi amemshika mkono mlinzi wa parokia, ambaye mchana kutwa alikuwa anazibua mfereji nyuma ya kanisa. Alikuwa na suruali iliyokatwa na miguu yenye tope mpaka magotini. Alipoona anapopelekwa akakaza, na kwa kuwa kwaya ilikuwa imevuta pumzi, wote tukamsikia.

"Baba, mimi miguu yangu michafu."

Paroko akainua uso. "Ndiyo maana nina maji."

Akaketi. Paroko akaosha. Safari hii hakumimina kidogo. Alisugua kwa mkono, akachokoa tope katikati ya vidole, maji yakawa mekundu, yakawa mazito, taulo likawa ramani. Ilichukua muda. Kwaya ikarudia wimbo wote toka mwanzo. Kisha akahamia kwa mtu wa kumi na mbili, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa na akili ya kuleta maji mengine, akamwosha kwa yale yale. Miguu ya bwana yule ilitoka na rangi ya matofali. Mwanamke aliyesimama karibu yangu akanong'ona kwa kite, "Mungu wangu, nimesugua tangu Jumanne!"

Nilicheka. Nilicheka mpaka machozi yakatoka, na yalipokuwa yameshaanza kutoka hayakujali tena kama nacheka.

Usiku wa kuamkia Ijumaa Kuu mvua ilirudi. Ilinyesha Pasaka yote. Madereva sokoni walisema lori limekwama mbele ya Namtumbo. Mwingine akasema hapana, limegeuza. Mwingine akasema hajui. Nilirudi kila jioni kwenye nyumba yenye birika lisilokuwepo. Watoto walisema maji yanatosha, mama, pipa limejaa. Ndiyo, lilikuwa limejaa. Hapakuwa na mtu wa kuyapeleka kwa majirani. Siku moja nilijikuta nimebeba ndoo mpaka kwa mjane wa kule juu, nikaiweka mlangoni. Akatoka, akauliza kama bwana amerudi. Nikamwambia bado, mimi ni kaimu.

Idi ikafika. Watu wa msikitini walipita na kanzu zao nyeupe, wengine wakasimama kwenye meza yangu kuuliza, "Mzee wetu amefika?" Niliwaambia habari bado. Nilitazama barabara ya mashariki siku nzima, na mteja mmoja aliondoka na shati kwa bei aliyoitaja yeye. Habari hiyo ilizunguka soko zima.

Mume wangu alirudi baadaye, juu ya lori la watu wengine, amekonda, ndevu zimeota, birika mkononi. Alikaa kizingitini na kikombe chake, akanieleza. Lori lilizama kweli. Walikaa porini wakingoja, mpaka alipoona mwezi umekonda sana. Akawaomba wanaume wa kijiji cha jirani, wakafunga turubai kwenye miti miwili, wakamlaza mzee, wakabeba. Kijiji kikawapokeza kijiji kingine. Waislamu, Wakristo, hakuwa na nafasi ya kuuliza. Lori jingine likawaokota mbele. Mzee alifika kwake jioni ambayo mwezi uliandama.

"Asubuhi ya Idi nikainuka na birika kama kawaida," alisema. "Nikamkuta mwanawe mkubwa ameshachuchumaa. Nikampa birika. Nikasimama pale ukutani." Akazungusha kikombe. "Sikujua mikono niiweke wapi."

"Na mzee?"

"Alimwambia mwanawe ameruka sikio."

Tulicheka wote. Siku mume wangu anaondoka, mzee alimrudishia birika lile. Alimwambia kwake wana mabirika, ila hana Padri wa kubaki naye, basi kila mtu abaki na nusu. Hatukumwona tena. Habari za msiba zilitufikia kiangazi, kupitia kwa dereva mwenye koti la ngozi.

Mwaka uliofuata jumuiya ikamchagua mtu mwingine, na uliofuata mwingine. Zamu ni zamu. Mume wangu hakuwahi kukaa kwenye kile kiti. Alipougua, miaka mingi baadaye, na miguu ikavimba akashindwa kuifikia, mimi ndiye niliyechuchumaa na birika. Nilimwosha bila kuacha kisigino wala kidole. Hakuwa na haja na masikio. Mtu anayeoshwa miguu tu haoshwi masikio. Lakini kila asubuhi alisubiri nimalize, nikaushe, nianze kunyanyuka, ndipo aseme, "Umeruka sikio." Nami nikarudi chini.

Sasa birika lipo kwenye kabati. Nalitumia kuwanawisha wageni mikono, nalirudisha. Soksi za kijivu zipo pia. Nimekataa kuziuza, jambo ambalo wenzangu wa soko wanaliona ni ugonjwa. Na kila Alhamisi Kuu nakwenda mapema, nakaa mbele, maana mabega yangu hayawezi tena kusukumana mlangoni. Wanaume wanatoka, wamesuguliwa, wananukia. Nahesabu. Kumi na wawili. Nahesabu tena, polepole, nikifika kwenye kile cha pili kutoka mwisho nangoja kidogo, kwa matumaini kwamba kitakuwa tupu, kwamba mtu wake yuko njiani na tope miguuni. Kumi na wawili.